Hilaria, Mnunuzi wa Maharage

Watu wa Katandala, mtaa wetu wa Sumbawanga, wakitaka kumsifia mtu aliyefanikiwa humtaja Hilaria, halafu wanaiharibu sifa yenyewe kwa kusema alikuwa na bahati. Mimi nakataa. Nilikuwa nikiuza chai na chapati ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala alilokuwa akikusanyia maharage, tangu siku alipokuja na debe moja kichwani mpaka malori yalipoanza kupanga foleni. Bahati sikuiona ikipita pale. Kama ingepita ningeiuzia chai.

Hilaria alizaliwa kijiji cha Msanzi, akaolewa hukohuko angali msichana. Mumewe alivuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha, akayapata, na mke mwingine juu yake. Hilaria alisubiri mpaka aibu ya kusubiri ikamshinda, akambeba binti yake Coleta, akaja Sumbawanga kwa kaka yake, Polikarp. Kaka alikuwa mtu mwema, sina la kumsema. Lakini nyumba ilikuwa ya mke wake, na wifi mtu alijua kuifanya iwe yake. Hilaria na mtoto walipewa chumba cha nyuma, kando ya jiko, ambako moshi ulikuwa ukilala nao. Aliamka kabla ya wote, akafagia, akachota maji, na bado alikuwa akiomba ruhusa kabla ya kunywa kikombe cha maji aliyoyachota mwenyewe.

Kisha zikaja zile enzi za ruksa. Sisi tulioziishi tunakumbuka. Mtu aliyekuwa akiitwa mlanguzi Jumatatu, Jumanne aliitwa mfanyabiashara, na Jumatano alikuwa amevaa saa. Mazao yaliyokuwa yakinunuliwa na mkono mmoja tu, wa serikali, sasa yakawa ya yeyote mwenye gunia na miguu. Hilaria gunia hakuwa nalo, ila miguu alikuwa nayo. Akaenda Msanzi na debe tupu, akarudi nalo limejaa maharage, akayauza sokoni, akaenda tena.

Namna alivyokuwa akinunua ni namna ya kwao. Mfipa wa kijijini haingii uani kwa mtu akaanza kutaja bei. Unafika pembeni ya ua, unachuchumaa au unapiga magoti, unakunja viganja na kuvigonganisha polepole, unasalimia kwa Kifipa. Unauliza hali ya wazee, ya watoto, ya shamba, ya ng'ombe aliyekuwa anachechemea mara ya mwisho. Maharage yatakuja kwenye mazungumzo yenyewe, bila kuitwa. Hilaria alikuwa hodari wa mambo hayo kuliko mtu yeyote niliyemwona, na alikuwa akiyaonea aibu. Mjini alishazoea kuwaona wanunuzi wengine wamesimama juu ya lori wakipaza sauti, naye akijitazama alijiona mtu wa kupiga magoti tu: kwa mume alipiga magoti, kwa wifi alipiga magoti, na sasa biashara nayo ilikuwa inamtaka chini.

Hata hivyo madebe yakawa magunia. Akapanga vyumba viwili hapa Katandala, na nyuma yake banda la mabati ambalo sote tukaliita ghala kwa heshima tu. Siku aliyohamia nilimsaidia kubeba godoro. Alifungua mlango kwa ufunguo wake, akaufunga, akaufungua tena, nami nimesimama na godoro kichwani kama mjinga. Nilitaka kumgombeza, lakini nilipomwona uso nikaacha. Ilikuwa furaha tupu.

Ndipo akatokea Nsajigwa. Huyu alikuwa Mnyakyusa aliyekuja na biashara yake kutoka Mbeya, mtu mnene, mcheshi, mwenye malori na mwenye maamuzi ya haraka. Alikuwa akitafuta mtu mmoja wa kumnunulia maharage Ufipa nzima. Walibaki wawili: Hilaria, na kijana mmoja aliyeitwa Obedi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Nsajigwa akasema kila mmoja atapewa lori na fedha za kununulia. Obedi aende upande wake, Hilaria aende Msanzi. Atakayerudi Jumamosi na lori lililojaa ndiye mnunuzi wake.

Ilionekana kama mchezo, lakini kwa Hilaria haukuwa mchezo. Malori yalikuwa yanayamaliza maharage vijijini, na mtu wa madebe mawili matatu alikuwa hana tena pa kusimama. Asingeipata kazi ile, ufunguo ungerudi kwa mwenye nyumba, naye angerudi kwenye kile chumba cha moshi kuomba ruhusa ya maji. Alinieleza hayo akiwa ameshika kikombe cha chai bila kukinywa mpaka kikapoa.

Siku walipokubaliana, mzee mmoja wa Msanzi alikuwa amepita ghalani, na Hilaria alikuwa amechuchumaa kumsalimia. Nsajigwa akatikisa kichwa.

"Mama Coleta," akasema, "mfanyabiashara hapigi magoti. Ukijishusha hivyo, watakupangia bei wao."

Hakusema kwa ubaya. Ubaya ni kwamba Hilaria alikuwa ameshajiambia hivyo mwenyewe siku nyingi, na sasa akalisikia neno hilo kutoka kwa mwenye malori. Kesho yake alikwenda mnadani kwenye mitumba, akarudi na viatu vya kisigino kirefu, koti lenye mabega mapana na miwani myeusi. Coleta alipomwona mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimwambia viatu vile havitaifahamu barabara ya Msanzi. Akanijibu kwamba ni vya Ulaya.

"Ndiyo maana," nikasema. Hakunisikia.

Mengine haya nimeyapata kwa Maganga, dereva wa lori alilopewa, Mnyamwezi mpole asiyekuwa na tabia ya kutia chumvi, na kwa Hilaria mwenyewe, ambaye siku hizi huyasimulia huku akijicheka.

Waliondoka asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa sita, na baridi ile ya kwetu inayopenya mpaka kwenye meno. Walipofika Msanzi, Hilaria akamwambia Maganga apige honi. Honi ikapigwa. Akapanda nyuma ya lori, akasimama na miwani yake, akapaza sauti:

"Haya jamani, leteni maharage! Gari haliwezi kusubiri!"

Watu wakatoka. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemcheka, maana sisi Wafipa hatujui kumwambia mgeni hapana usoni. Walisimama wakamsikiliza vizuri. Kisha mmoja akasema maharage yake bado hayajakauka. Mwingine akasema ya kwake ni kidogo mno, ya kula tu. Wa tatu akasema mume wake amesafiri na ufunguo wa ghala. Wakamkaribisha tena siku nyingine, wakarudi ndani. Maganga kwenye usukani alikuwa akiyaona kwa macho yake maharage yameanikwa kwenye mikeka, makavu, yanang'aa juani.

Jumanne ikawa hivyo, Jumatano ikawa hivyo. Waliingia kila kitongoji kwa honi na kutoka kwa karibu-tena. Hilaria akaongeza sauti. Akaongeza ukali. Akamwita mzee mmoja "wewe mzee" kama alivyosikia wenzake wakiita, na usiku akashindwa kula kwa sababu mzee yule aliwahi kumbeba mgongoni akiwa mtoto. Nyuma ya lori kulikuwa na magunia machache tu, na hata hayo yalitoka kwa mlevi mmoja aliyehitaji hela ya pombe. Huku mjini nako habari zilitufikia kwamba lori la Obedi limeshaanza kujaa.

Alhamisi asubuhi wakafika kwa Bibi Bertilla, jirani wa zamani wa mama yake Hilaria. Nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya fimbo zikipura maganda, pu, pu, pu. Hilaria akasimama mlangoni na koti lake na kuuliza kama kuna maharage.

"Yameloa, mwanangu," akajibu bibi. Fimbo nyuma zikaendelea, pu, pu.

Hapo Hilaria akapandwa na hasira. Aligeuka na kukata njia katikati ya shamba kulirudia lori. Sasa, shamba la Kifipa si tambarare la kutembelea na visigino. Ni matuta ya mviringo tunayoyaita ntumba, makubwa, nyasi zimefukiwa ndani zioze ziwe mbolea, na juu yake ndiko maharage yanakopandwa. Yakishavunwa udongo unabaki mwororo. Kisigino kiliingia chote ndani ya tuta, kikakatika, na mnunuzi wa Nsajigwa akaanguka kwa magoti yote mawili, miwani huku, mkoba kule.

Maganga anakiri kwamba kicheko kilimfika kooni. Kilichomzuia ni kuona kwamba Hilaria hainuki. Alibaki pale amepiga magoti kwenye udongo, analia. Si kwa maumivu. Alikuwa analia kwa sababu alijitahidi kwa wiki nzima asiwe mtu wa kupiga magoti, na ardhi yenyewe ilikuwa imemrudisha chini mbele ya dereva.

Bibi Bertilla akatoka. Nyonga zake zilikuwa mbovu, kwa hiyo alikuja polepole, akilizunguka kila tuta. Hakumwinua. Hakuuliza umeumia wapi. Alipomfikia alijishusha naye, kwa taabu, mkono mmoja akiukaza chini, mpaka akapiga magoti mbele yake kwenye udongo uleule. Akakunja viganja, akavigonganisha, akamsalimia kwa Kifipa kama mtu anavyomsalimia mgeni aliyefika sasa hivi. Akamuuliza hali ya Sumbawanga. Akamuuliza Coleta anasoma darasa la ngapi.

Mikono ya Hilaria ikajibu yenyewe kabla kichwa hakijaamua. Akagonganisha viganja, akasalimia, akaeleza habari za Coleta, machozi bado yanatiririka. Na katikati ya kueleza ndipo akaona. Bibi mtu mzima, mwenye maharage yake, asiyemhitaji Hilaria kwa lolote, alikuwa amepiga magoti mbele yake. Na hakuonekana mdogo hata kidogo.

Hilaria ananiambia kwamba hapo alijishangaa. Maisha yake yote alikuwa anayaona magoti yake tu. Hakuwahi kutazama upande wa pili akaona kwamba kila aliyemsalimia hivyo naye alikuwa ameshuka, amekunja viganja vilevile, ameuliza hali ileile. Ni kwa mume na kwa wifi tu ambako alishuka bila mtu kushuka naye. Kule ndiko alikodharauliwa. Huku kwao alikuwa akiheshimiwa miaka yote, naye akaivua heshima hiyo na kuvaa koti.

"Kumbe maharage yako yamekauka, bibi," akasema.

"Yamekauka tangu wiki iliyopita," akajibu Bertilla bila aibu yoyote. "Lakini ulikuja na honi. Wanunuzi wa honi wanashindilia gunia mpaka linataka kupasuka, kwa bei ileile, halafu wanaondoka, na wewe huwajui hata kwao ni wapi. Nikasema huyu mtoto wa Msanzi amekuwa wa honi. Nikahuzunika."

Hilaria akavua na kile kiatu kizima, akaviokota vyote viwili, akavirusha ndani ya lori pamoja na koti. Akabaki pekupeku na kitenge chake.

"Tunaanza upya," akamwambia Maganga. "Kuanzia nyumba ya kwanza ya Jumatatu."

"Mama, leo ni Alhamisi," Maganga akasema. "Tukikaa kila nyumba na salamu, tutamaliza mwaka."

"Maganga, zima gari."

Watu husema kubadilika ni kazi. Mimi nasema kurudi kwenye mlango uliokuaibisha ni kazi zaidi. Hilaria alirudi kwenye milango yote. Wa kwanza, hata kabla ya nyumba ya Jumatatu, alikuwa yule aliyemwita "wewe mzee". Alifika pembeni ya ua, akashuka chini, akasalimia. Mzee akatoka. Kisha naye akashuka, magoti yakilia, akagonganisha viganja, akaitikia. Ng'ombe wakaulizwa. Watoto wakaulizwa. Mwisho mzee akasema kama mtu aliyekumbuka ghafla:

"Na yapo magunia fulani huko ndani. Sijui kama yatakufaa."

Nyumba ya pili ikachukua muda mfupi zaidi, na ya tatu mfupi zaidi, maana habari kijijini zinatembea kuliko lori. Ilipofika jioni watu walikuwa wanamfuata. Ijumaa magunia yalikuja yenyewe: kwa vichwa, kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka vitongoji ambavyo Hilaria hakuwahi kuvifikia. Yule aliyedai mume amesafiri na ufunguo alikuja na mume. Hilaria akaisimamisha mizani mahali kila mtu angeweza kuisoma, na asiyejua kusoma alisomewa na jirani yake. Hakushindilia gunia la mtu. Kila aliyefika alishuka akamsalimia, naye alishuka akamsalimia, mpaka kitenge kikawa chekundu kwa udongo. Maganga alianza kwa kutazama saa. Baadaye, anasema, aliona aibu kukaa juu kwenye usukani peke yake, akateremka naye akaanza kujifunza kugonganisha viganja. Wakamcheka sana, kwa mapenzi.

Jumamosi Nsajigwa alikuwa kwenye benchi langu tangu saa tatu, anakunywa chai na Obedi. Lori la Obedi lilikuwa limefika mapema, nusu tupu. Upande wake ulimpokea vizuri siku mbili za mwanzo, kisha maharage yakaanza kuwa na unyevu kila mahali. Alikuwa ameshakaukwa na sauti, maskini, na mimi nilimwongezea tangawizi bila kumdai.

Kabla hatujaliona lori la Maganga tulilisikia, linavyoguna kama ng'ombe mwenye mimba. Likakunja kona polepole, limekalia springi, magunia yamepanda kupita mbao za ubavuni, na juu yake kabisa vijana wa Msanzi waliokuja kusaidia kushusha, wanaimba. Mimi nikaacha chapati jikoni iungue. Nilipiga vigelegele, sijali, na wanawake wa mtaa mzima wakaitikia. Coleta alikuwa mbele yangu anakimbia.

Nsajigwa akalizunguka lori. Akazunguka tena. Akabonyeza gunia hili na lile.

"Na mengine yako barabarani kule njia panda," Maganga akamwambia. "Yamekosa nafasi. Watu wanayalinda."

Hilaria akateremka, pekupeku, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nsajigwa akamtazama kuanzia miguu.

"Mama Coleta, umewafanyaje watu hawa?"

"Nimewasalimia."

Nsajigwa alicheka, akidhani ni utani, kisha akaacha kucheka. Alikuwa mfanyabiashara kweli, nampa haki yake; akikosea alijua kugeuza. Palepale akasema mtu wa namna hii hafai kupotezwa vijijini. Ana ofisi Mbeya, ina simu, ina kiti cha kuzunguka. Hilaria atahamia huko, atakaa ofisini, na watu ndio watakaomfuata yeye. Nyumba itakuwepo. Obedi atazunguka Ufipa kumkusanyia.

Mnajua jinsi habari zinavyokwenda Katandala. Chai haijapoa, Polikarp amefika, na mke wake amefika, amevaa vizuri. Yule wifi ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Alimshika Hilaria mkono, akasema sasa Mungu amemwinua, sasa amekuwa mtu, kiti cha Mbeya si mchezo. Kila aliyepita alisema akubali haraka bosi asije akabadili mawazo. Hata mimi, nilivyo mbishi, niliiona ile simu kwa mawazo yangu na nikaona inapendeza.

Hilaria akaketi kwenye benchi langu akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Huko watu watakuja wamesimama, nami nimekaa. Nitamjuaje mtu, Evodia? Na yeye atanijuaje?"

Nilijisikia kujivuna kwa ajili yake mpaka machozi yakanilenga.

Akainuka, akavuka barabara, akamfikia Nsajigwa aliyekuwa akihesabu vijana wa kushusha mzigo.

"Bwana Nsajigwa," akasema, mbele yetu sote, "tulikubaliana atakayejaza lori ndiye mnunuzi wa Ufipa. Lori limejaa. Kazi hiyo naichukua. Kiti cha Mbeya mpe Obedi, amechoka na sauti imemkauka."

Obedi akapaliwa na chai. Wifi akafungua mdomo, Polikarp akamgusa kiwiko akaufunga. Nsajigwa alisimama anakuna kidevu, anamtazama mwanamke huyu aliyekataa kitu ambacho watu wanakiombea novena, siku tisa mfululizo.

"Wewe mama," akasema hatimaye, "una uhakika?"

"Nina uhakika. Kijiji cha Kate wanaanza kupura wiki ijayo, na kule nina shangazi wa kuanzia naye salamu."

Nsajigwa akakuna kidevu tena, kisha uso wake mnene ukafunguka wote kwa tabasamu.

"Haya. Kate nikupe lori lipi?"

"Mawili," Hilaria akasema. "Na maturubai, maana mengine yatalala nje."